Nani Anaula Mtandao?

Katika ofisi zetu za Mombasa, ambamo meli husubiri hati na hati husubiri intaneti, hapana msiba uwaunganishao watu wa vyeo vyote kwa upesi kama ule wa mtandao kulegea. Kwani makarani, madereva, wahasibu na wakubwa wao, ambao siku za salama hawaonani ila ngazini, husimama pamoja ukumbini simu zikiwa juu kama watafutao mwezi wa Ramadhani, na kila mmoja ana yakini ya kwamba yumo mtu ndani ya nyumba anayeula mtandao peke yake. Na kwa kuwa mimi ndiye mtunza mitambo, aghalabu huletewa hukumu kwanza, kisha nikatakiwa nitafute ushahidi wa kuitia nguvu.

Ushahidi upo, tena mwingi kupita kiasi. Faiwoli, chombo kikaacho baina ya ofisi na dunia, huandika mstari mmoja kwa kila maongezi yapitayo mbele yake: saa, anwani ya atokaye, anwani ya aendako, namba ya mlango, ambayo kwa tovuti za siku hizi ni 443 na kwa maulizo ya majina ni 53, na uzito wa baiti zilizotoka na zilizoingia. Msomaji asidhani kwamba mstari mmoja ni mtu mmoja. Karani akifungua ukurasa mmoja tu wa gazeti, kwa ajili ya picha, matangazo na wapelelezi wa biashara waliojificha humo, mistari huandikwa kwa makumi. Na simu iliyolala mfukoni mwa dereva, bila ya dereva mwenyewe kuwa na habari, hunong'onezana na watengenezaji wake mchana kutwa. Daftari la siku chache hufikia mamilioni ya mistari kwa wepesi, na atakaye kulisoma kwa macho atastaafu kabla ya kufika adhuhuri ya siku ya kwanza.

Kwa sababu hiyo zimebuniwa programu za kupekua madaftari. Programu ya namna hiyo huligawa daftari mafungu mafungu kwa kufuata wakati, na kila fungu hulitilia faharasa ya maneno yaliyomo. Hata ukiuliza habari za jana baina ya saa nne na saa tano, mafungu ya mwezi uliopita hayaguswi, na ukitaja neno kamili, fungu ambalo neno hilo halimo katika faharasa yake hurukwa bila ya kufunguliwa. Adabu ya kuuliza, basi, ni kutaja wakati, kisha daftari lipi, kisha anwani au mlango, na hesabu na mapambo yaje baadaye, wingi ukiwa umekwisha kupungua. Atajaye anachokitaka hujibiwa upesi kuliko atajaye asichokitaka, maana kusema "nipe vyote isipokuwa hiki" ni kuamuru vyote vichunguliwe. Na nyota, ile alama isimamayo mahali pa herufi zozote, ikiwekwa mwishoni mwa neno haina dhara kubwa, bali ikitangulizwa mbele huipofusha faharasa, kwa kuwa faharasa hupangwa kwa herufi za mwanzo, na mwanzo ndio uliofichwa.

Bwana Meneja wetu ni mtu wa fadhila nyingi, ila subira si mojawapo. Alipopewa ruhusa ya kuuliza mwenyewe, ruhusa ambayo sikushauriwa juu yake, aliandika nyota, akaandika neno "video", akaandika nyota tena, na mahali pa wakati akachagua "tangu mwanzo". Feni za seva zikaanza kuvuma hata mapokezi wakauliza kama ni mvua. Jibu lilipokawia alibonyeza mara ya pili, kisha ya tatu, asijue kwamba kila mbonyezo ni swali jipya lipangalo foleni nyuma ya ndugu zake, nami nilipomwendea kumsihi angoje, aliniambia kwa taadhima, "Mtaalamu, mimi nauliza jambo dogo tu." Jambo lilikuwa dogo kweli, lakini mahali alipolitafuta palikuwa ni miaka mitatu. Chai ikaletwa, ikanywewa, vikombe vikaondolewa, na seva ingali katika mwaka wa kwanza. Fauka ya hayo, faiwoli haikuwa na neno hilo la kutoa ila kwa uchache sana, maana mawasiliano ya 443 husafiri kwa fiche, nayo huona anwani na uzito, haioni kilichomo.

Naibu wake, aliyepata kusoma ng'ambo na asiyeamini programu zenye rangi, alisema kwamba mambo haya yana dawa ya zamani, akaitumia grep, chombo cha kutafuta maneno alichokitunga Ken Thompson katika maabara za Bell huko Marekani, kikatoka mwaka 1973, na ambacho hata leo kimo katika kila seva ya ukoo wa Unix wala hakijapungua makali. Chombo hakina lawama. Naibu alikuwa amenong'onezwa kwamba mashine yenye anwani 10.1.1.5 ina mwendo wa kutia shaka, naye akaandika anwani hiyo vivyo hivyo, bila ya kuifungia mwisho, na bila ya kukumbuka kwamba nukta kwa grep husimama badala ya herufi yoyote. Basi ikamletea 10.1.1.5, ikamletea na zote za kuanzia 10.1.1.50 hadi 10.1.1.59, ambazo pamoja ni mashine kumi na moja za watu kumi na mmoja. Na kwa ukarimu zaidi ikamwongezea 10.121.50.3, ambayo haiko hata katika mji huu, kwa kuwa humo mna 1, na 0, na kitu, na 1, na kitu, na 1, na kitu, na 5. Alizijumlisha baiti zote hizo, akaona jumla ya kutisha, akaitazama anwani ya mstari uliokuwa juu kabisa, akaenda kumtuhumu Bi Mhasibu, mwenye 57, kwamba anatazama filamu saa za kazi.

Bi Mhasibu alivua miwani yake taratibu. Akaomba aonyeshwe karatasi, akaipitia kwa kalamu nyekundu, kisha akasema, "Bwana Naibu, filamu zangu nazitazama nyumbani, kwa bando langu. Lakini hapa naona umechukua madeni ya watu kumi na mmoja ukayaandika jina la mtu mmoja. Mimi nikifanya hesabu hivi, wewe mwenyewe ndiwe utakayekuja kunitoa rumande." Habari hiyo ilienea jengo zima kabla ya adhana ya adhuhuri, na kwa muda Naibu alikuwa akipanda kwa ngazi ya nyuma.

Lakini fitina ya saa ilizipita zote. Seva zetu, kama ilivyo desturi njema ya mitambo, huandika saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Na sisi Waswahili, kama ajuavyo kila aliyepata kupishana na mgeni wake stesheni, huanza kuhesabu saa kunapokucha na kunapokuchwa, tofauti ya saa sita na uso wa saa ya ukutani. Ilionekana daftarini kwamba kila siku saa 02:00 mzigo mkubwa hutoka ofisini. Bwana Meneja alisoma saa mbili, na maadamu saa mbili asubuhi ndiyo saa ya makarani kuingia kazini, akawakusanya makarani. Naibu akatabasamu kwa huruma, akasema hiyo ni saa ya kizungu, yaani saa nane ya usiku, na saa hiyo hamna kiumbe ndani ya nyumba ila mlinzi. Akaitwa mlinzi, mzee mwenye hadhi, akaja na rungu lake pamoja na simu yake ya mulika-mwizi. "Mwanangu," akamwambia Naibu, huku akiiweka mezani, "hii ina tochi na redio. Siku ukiiona imeingia intaneti, niite na mimi nije nione." Kumbe 02:00 ya UTC kwetu ni saa kumi na moja ya alfajiri, wakati ambao seva ya hati hupeleka nakala zake Nairobi, kazi ambayo Bwana Meneja mwenyewe aliitia saini, na ambayo haimkeri mtu, kwani waliomo ofisini saa hiyo ni seva na paka. Tangu hapo makarani nimewafundisha njia ya mkato: kutoka UTC hadi saa ya Kiswahili, ondoa tatu, saba huwa nne, kumi na moja huwa nane, na mbili, kwa kuwa haitoshi kuondolewa, ikopeshe kumi na mbili kwanza.

Mtandao ulikuwa bado umelegea. Hapo nilimkumbuka Steven McCanne na mwenziwe Van Jacobson, ambao mwaka 1992, wakiwa katika maabara ya Berkeley huko California, waliandika habari za chujio la pakiti likaalo katika kiini cha mfumo, likaamua pakiti ipi yafaa kabla haijanakiliwa kupelekewa programu ya msomaji, kwa kuwa kazi kubwa haikuwa katika kutazama bali katika kubeba. Na tcpdump, chombo ambacho mafundi hukitumia kila uchao, hulitegemea chujio hilo. Nami nikaandika swali fupi: saa moja iliyopita, daftari moja, jumlisha baiti huko huko ziliko kwa kila anwani ya ndani, niletee kumi za juu. Jibu lilifika kabla sijaondoa kidole.

Aliyekuwa wa kwanza aliwazidi tisa waliomfuata wakijumlishwa pamoja. Nililipeleka jibu kwa Bwana Meneja, akalisoma mara mbili.

"Hii 10.1.1.20 ni ya nani?"

"Ni hiyo iliyo nyuma yako, Bwana."

Nyuma yake ukutani paliwaka runinga pana, aliyoagiza itundikwe ili aione hali ya mtandao wakati wowote, na ambayo fundi mmoja wa kibarua aliitengenezea programu iliyo wazi kama mkono wa karimu: kila dakika iliagiza mistari yote ya siku nzima kutoka seva ya Nairobi, ikaibeba mpaka Mombasa, ikaihesabu papo hapo, ikachora kistari cha kijani, ikaitupa. Bwana Meneja aligeuka, akakitazama kistari, ambacho kwa kweli kilikuwa kizuri, kisha akafunga mlango.

"Mtaalamu," akasema kwa sauti ya chini, "haliwezi kuandikwa swali lisiloihesabu hiyo?"

"Laweza, Bwana. Ila litakuwa swali la kutaja usichokitaka, nalo huchelewa."

"Basi na lichelewe," akasema. "Liandike."