Mzee Alichelewa

Tumpongeze jaji wa London. Mwaka 2018 aliitupa kesi ya Wakenya zaidi ya 40,000 waliodai fidia ya mateso ya Hali ya Hatari, enzi za ukoloni wa Mwingereza. Mmechelewa, wakaambiwa, na ni kweli. Mwaka 1957, katika kambi za kizuizini za Mwea, tuseme Kandongu au Thiba, mzee alishindwa nini? Akishanyolewa kwa nguvu na rungu kutua sikioni mwake, angetema tu tope alilojazwa mdomoni, aulize kwa adabu: “Samahani Bwana Mkubwa, ofisi ya wakili iko wapi?” Sheria ya Kiingereza humpa majeruhi miaka mitatu. Kizuizini muda ni tele.

Wenzao 5,228 waliolipwa kufuatia mapatano ya 2013 waliwahi: miaka hamsini na kitu tu.

Halafu mzee huyu wa leo, ukimwomba cheti cha daktari cha sikio lile, anakujibu, “Eeh?” Huo nao ni ushahidi? Karatasi za serikali ya kikoloni zenyewe hazikuwa na papara. Zilitulia Uingereza, Hanslope Park, hadi 2011, zisije zikachakazwa na wasomaji.