Muulize Profesa Mjuvi: Niivae au Niiache?

*Profesa, naenda London kwenye harusi ya mpwa wangu. Nina Rolex ya dhahabu, mke wangu hataki niivae. Nifanyeje? – Mzee wa Upanga*

Shikamoo mzee, ingawa kwa maarifa wewe ndiye ungeniamkia. Hongera kwa kumwandikia mtu anayezijua saa. Fundi saa mmoja Kariakoo aliwahi kuushika mkono wangu wa kushoto akasema hajapata kuona mfano wake. Na nilikuwa nimekwenda kubadilisha betri tu!

Nilikuwa wapi? Naam, London. Aprili 2022 Amir Khan alitoka mgahawani Leyton na mkewe, akaelekezewa bastola, saa ya pauni 72,000 ikaenda. Bingwa wa zamani wa dunia wa ngumi huyo! Mwezi huohuo, Viareggio, Italia, Charles Leclerc, dereva wa magari ya mbio wa Ferrari, alizungukwa na watu waliojifanya mashabiki wanaotaka selfi, akabaki mkono mtupu. Carlos Sainz, dereva mwenzake wakati huo, naye alikwapuliwa Milan 2023, siku ileile aliyoshika nafasi ya tatu kwenye mbio za Monza, ila yeye aliwatimulia mbio wezi hadi saa ikarudi. Magoti yako yakoje, mzee?

Napoli nako kuna ufundi ninaouheshimu. Mwenye pikipiki anaigonga saiti mira yako, unatoa mkono dirishani kuirudisha, mwenzake anapita na saa. Sisi Dar tunaibiwa saiti mira yenyewe; hatuna subira.

Sasa dawa, zote za kubuni kwangu. Ivae mguuni, ndani ya soksi. Ukiulizwa saa ngapi, inama kama unafunga kamba za viatu. Ikishindikana, jipenyeze siku ya hina ya bibi harusi wakuchoree Rolex mkononi. Itaonyesha saa nne kasorobo mpaka ifutike, na hakuna mwizi aliyezaliwa wa kuikwapua. Wazo hili nililitoa kwenye kikao cha harusi, wakanipa uenyekiti. Wa kamati ya viti, lakini uenyekiti ni uenyekiti.

Eti bima? Bima nyingi za safari zina kikomo cha fidia kwa kitu kimoja, na saa yako huenda imekipita mbali. Soma mkataba wa bima yako kabla hujapanda ndege, piga picha namba iliyochongwa kwenye saa, weka risiti, na usirushe picha ya saa Instagram ukiwa bado hotelini. Ukikabwa, vua, toa.

Mhariri ananipungia, nafasi imekwisha. Iache benki, vaa Casio. Mkeo yuko sahihi, ila usimwambie nimekiri. Na kadi yangu ya harusi itume mapema, viza inachelewa.