Kanzidata Inayosema "Tayari" Mara Mbili

Taarifa za afya za kata kama Kurui, wilayani Kisarawe, huanzia kwenye vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ambavyo muuguzi huvijaza kwa kalamu, na jumla zake za kila mwezi huishia katika DHIS2, programu iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo huhifadhi takwimu katika kanzidata ya PostgreSQL. Kitabu kina sifa moja ambayo kompyuta haijaifikia: kikifunguliwa, kimefunguka. Kanzidata haina uungwana huo, na waandishi wa programu hulikumbuka hilo kila wanapoleta msimbo mpya, kwa kuwa seva huuchanganya papo hapo na msimbo wa wenzao na kuupima wote, utaratibu uitwao uunganishaji endelevu.

Ili programu ipimwe pamoja na kanzidata yake, seva huwasha kanzidata halisi ndani ya kontena, yaani kifurushi kilichobeba kila kitu ambacho programu inakihitaji, kisha hulitupa pamoja na data zake zote majaribio yanapokwisha, kitendo ambacho ofisini kingemfikisha mtu mbele ya kamati ya nidhamu. Kasheshe iko mwanzoni. Kontena rasmi la PostgreSQL huwasha kwanza seva ya muda ili kuandaa kanzidata, likaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba liko tayari kupokea miunganisho, likaizima seva hiyo, likawasha nyingine, likaandika sentensi ileile neno kwa neno, mithili ya mpishi wa shughuli anayetangaza kuwa pilau limeiva, na wageni wakishanawa mikono ndipo anapoanza kuchambua mchele. Majaribio yaliyoamini tangazo la kwanza hubisha hodi kwenye poti namba 5432, yaani mlango wa kanzidata hiyo, yakafukuzwa, na lawama humwangukia aliyeleta msimbo, ambaye safari hii, kwa nadra, hana hatia. Testcontainers, maktaba ya msimbo iliyoundwa kwa kazi hii, imekwisha izoea tabia hiyo, nayo husubiri sentensi itokee mara mbili. Wasioitumia huyaamuru majaribio yangoje sekunde 10, kisha 20, kisha huomba dua.

Hata likiwaka salama, kontena kwa kawaida hufuata saa za UTC, zilizo nyuma ya zile za Afrika Mashariki kwa muda wa saa 3, hivyo mtoto aliyezaliwa Kurui saa saba usiku, tarehe 1 Julai, humo ndani huonekana amezaliwa saa nne usiku, tarehe 30 Juni, na kwa kuwa mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, kichanga huyo huingizwa kwenye hesabu za mwaka uliokwisha fungwa. Jaribio linalolinganisha tarehe ya leo ya kontena na ile ya Afrika Mashariki hufaulu mchana kutwa, likaanguka kati ya saa sita na saa tisa usiku, na aliyeliandika akiamka asubuhi na kulirudia ili aone kosa, linafaulu.