Sifa za Chui Asiyeuma

Timu inayoshinda haina haja ya msifu. Ina vikombe, ina picha, ina watoto wanaovaa jezi yake hata wasiojua kupiga danadana. Anayehitaji wakili ni yule aliyefungwa mbili bila Jumapili, kisha kocha wake akawaambia waandishi kwamba vijana wamejitahidi. Kwa hiyo mimi, mkazi wa Voi na shabiki wa AFC Leopards, yaani Ingwe, kwa kurithi, naomba nafasi niwasifu kwa dhati wasajili wetu, benchi letu la ufundi, na kila mkono uliowahi kuandika kikosi cha Ingwe tangu tulipotwaa ligi mwaka 1998.

Msishangae chui wa Magharibi kuwa na watu wake chini ya mlima Sagalla. Voi ni mji wa reli, na reli ilileta mafundi, makarani na wasukuma mabehewa kutoka kila pembe. Wengine wakafuata kazi za mkonge. Walishuka na masanduku ya bati, redio na timu yao. Mtoto aliyezaliwa Birikani au Sofia katika nyumba kama yetu alikuta kimanga mezani na Ingwe redioni, na hakuulizwa kama anapenda kimojawapo.

Redio hiyo ndiyo iliyotuponza. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, mtoto wa Freretown, alikuwa akitangaza mpira hivi kwamba Joe Kadenge akishika gozi ulihisi uko naye nyumba moja. Klabu ilianza mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya, na kufikia miaka ya themanini ilikuwa haishikiki: ligi ya 1980, 1981 na 1982, kisha kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984. Golini alisimama Mahmoud Abbas, kijana wa Mombasa, yule waliyemwita Kenya One. Mbele alikuwapo Joe Masiga, ambaye mchana wa kazi alikuwa daktari wa meno na jioni alicheza mpira wa miguu, na raga pia. Nadhani hapo ndipo pa kutafuta chanzo cha mambo. Chui aliyekuwa na daktari wa meno kikosini aliuma. Daktari alipostaafu, hakuna aliyefikiria kusajili mwingine.

Lakini nimekuja kusifu, si kulia.

Nianze na ukarimu. Klabu zenye roho ndogo hung'ang'ania makocha miaka na miaka. Sisi milango iko wazi. Kati ya mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019 alipita Rodolfo Zapata kutoka Argentina. Akaja Nikola Kavazović kutoka Serbia, akaelekea Afrika Kusini kabla hatujajua jina lake linatamkwaje. Akaja Mserbia mwingine, Marko Vasiljević. Kisha akaingia Casa Mbungo wa Rwanda. Tomas Trucha, Mcheki, alikuja 2020 akaondoka kabla viatu havijachafuka, na mwaka 2023 akarudi tena. Watu wa Nairobi walikasirika. Sisi wa Voi tulielewa, maana mji wetu umeishi kwa wasafiri wanaoshuka, wanakula haraka dereva akipiga honi, na kupanda tena. Hatuwadai kuhamia hapa. Tunawadai pesa ya chai tu, na kwa kocha wa Ingwe mara nyingi deni huwa upande wetu.

Kila kocha mpya huja na mfumo wake, na kila mfumo unadai watu wake. Huyu anataka mabeki watatu, kwa hiyo beki wa nne anageuzwa winga. Anayemfuata anataka mabeki wanne, lakini beki aliyegeuzwa winga amekwisha zoea kukimbia mbele na harudi. Kijana anaweza kuingia klabuni akiwa kiungo na kutoka baada ya misimu miwili akiwa amecheza kila mahali isipokuwa golini, na wala hajajua yeye ni nani. Chuo gani kingine kinatoa elimu pana namna hiyo?

Pia tuna huruma. Mshambuliaji wetu akifunga Jumamosi, Jumatano anapumzishwa. Wasiojua hulalamika. Bao ni kazi nzito, bwana. Mtu aliyefunga moja anahitaji wiki mbili za kuketi benchi na chupa ya maji akilitafakari. Huku nyuma yule ambaye hajafunga tangu mvua za masika anaanzishwa kila mechi, ili asijisikie vibaya.

Na kama mnataka kuona moyo wa kutoa, tazameni habari za Elvis Rupia. Huyu alikuwa straika wetu na alikuwa akifunga. Klabu nyingine ingemfungia ndani na ufunguo ikaumeza. Mwaka 2021 tukamwachia aende Saudia, na aliporudi nyumbani akatua Kenya Police. Msimu wa 2022/23 akapachika mabao 27 ligini, akaivunja rekodi ya mabao 26 aliyoiweka Maurice Ochieng, yule Sonyi, mwaka 1976. Sonyi alikuwa mtu wa Gor Mahia. Yaani rekodi ya watani wetu, iliyodumu karibu nusu karne, ilivunjwa na mtoto wetu. Kwamba alikuwa amevaa jezi ya askari ni jambo dogo la sare. Polisi nao hawakulala: mwaka 2025 walitwaa ligi kwa mara ya kwanza katika historia yao, na mimi niliwapigia makofi nikiwa na kiburi cha mzazi aliyelipa karo ya mtoto wa jirani.

Wala hatuko peke yetu katika ibada hii. Manchester United, wenye pesa za kujaza Ziwa Jipe, walimuuza Scott McTominay kwa Napoli mwaka 2024 kwa kuwa waliona wametosheka naye. Msimu huo huo Napoli wakawa mabingwa wa Italia na McTominay akachaguliwa mchezaji bora wa ligi, huku United wakimaliza wa 15 kwao Uingereza. Walipoona hivyo, mashabiki wao hapa Voi walianza kutusalimia kwa heshima mpya.

Mpira wetu, lakini, hausikilizwi popote kwa heshima zaidi kuliko pale kibandani karibu na stesheni ya zamani, ile ya kabla ya Madaraka Express. Mechi nyingi huwa Nairobi, na si kila mwezi mtu ana nauli ya zaidi ya kilomita mia tatu kwenda kujionea msiba. Simu huegemezwa kwenye kopo la sukari. Saa moja kabla ya mchezo kikosi hutumwa, na mzee mmoja mstaafu wa reli huishika simu mbali na uso, mkono umenyooka kama anayetoa bendera kwa dereva wa gari moshi, akayasoma majina moja moja. Hafurahi wala hanuni. Akifika kwa beki wa kushoto aliyepangwa kulia, hunyamaza kidogo, hunywa funda la chai, kisha anaendelea. Aliwahi kusoma ratiba za treni zilizochelewa siku nzima. Hakuna kikosi kinachoweza kumtisha.

Mama anayetuuzia mahamri ni Gor, na siku ya dabi ya Mashemeji hupandisha bei.

“Shemeji, leo mnaanza na nani mbele?”

“Na Mungu,” mzee alimjibu.

“Yuko kikosi cha kwanza ama ni wa akiba?”

Mzee aliitazama tena orodha, kwa uangalifu kabisa, kuanzia juu hadi chini. “Akiba,” akasema. “Ataingia dakika ya themanini.”

Nani angeweza kununua mazungumzo kama hayo kwa ubingwa? Majirani zetu wa Bandari, ambao kwa njia ya Maungu na Mackinnon Road wako karibu nasi kuliko Nairobi, walimaliza wa pili ligini mwaka 2019 na wakachukua na kombe la Shield mwaka huo huo. Ningeweza kuhamia kwao, na wapo walionishauri hivyo kwa nia njema. Nikawauliza: nikihamia kwa timu inayopanga kila mtu mahali pake, Jumatatu nitaongea nini?

Ila kuna jambo moja ambalo hata msifu lazima alitamke bila kuchekacheka. Mwaka 2019 mdhamini mkubwa, SportPesa, alijitoa. Mishahara ikachelewa, Mbungo akaondoka, na baadhi ya wachezaji wa kigeni wakaondoka pia wakiwa wanadai. Wakapeleka madai yao FIFA, nayo mwaka 2021 ikatufungia tusisajili mchezaji mpaka walipwe. Sisi tuliona ni kiyama. Kocha alikuwa Patrick Aussems, Mbelgiji aliyeifikisha Simba ya Dar es Salaam robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2019, na sasa amekabidhiwa vijana ambao wengine wao ndevu zilikuwa bado ni ahadi. Hakukuwa na dirisha, wala ajenti, wala mtu wa kushuka uwanja wa ndege na shali ya klabu shingoni. Basi vijana wakacheza. Beki alicheza beki, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kumsukuma. Walifungwa, wakashinda, wakatoka sare, na hatukushuka daraja. Kwa hiyo nikiulizwa ni kamati ipi ya usajili ilikuwa bora zaidi katika miaka yetu hii ya ukame, najibu kwamba ilikaa Zurich, na kazi yake yote ilikuwa kukataa.

Nina hakika walio ofisini waliliona hilo. Adhabu ilipoondoka, tukarudi sokoni mbio.

Msidhani kipaji hiki cha kupanga kikosi kiko Nairobi tu. Kimeshuka hadi huku. Timu ya mtaani kwetu siitaji jina, kwa sababu kocha wake ni jirani na ng'ombe wake ndiye anayenipa maziwa. Kipa alichaguliwa kwa kuwa glovu ni zake. Winga wa kulia ana pikipiki, na pikipiki ndiyo inayobeba nyavu kwenda Mwatate. Akiachwa nje, nyavu nazo zinabaki nyumbani. Namba kumi ni mpwa wa mheshimiwa aliyetoa jezi, na jezi hizo zina picha ya mheshimiwa mgongoni, kwa hiyo mpwa akikimbia ni kampeni, akisimama ni bango. Kiungo pekee anayejua kupiga pasi anakaa benchi kwa kosa la kuuliza nauli. Tulipocheza na vijana wa Wundanyi, walioshuka milimani na mapafu ya watu waliozaliwa wakipanda, tulifungwa matano. Kocha alisema vumbi lilikuwa upande wetu vipindi vyote viwili.

Tena sisi wa Voi tuna kipimo kibaya cha wanyama. Tumepakana na Tsavo Mashariki. Ndovu huingia mashambani bila kupiga hodi, na chui wa kweli akipita karibu na boma, mbuzi huhesabiwa asubuhi. Mwaka 1898, hapo tu mto Tsavo, simba wawili walisimamisha ujenzi wa reli ya Waingereza. Walikuwa wawili tu, bila kocha wa kigeni wala kambi ya mazoezi. Makuli waligoma, wengine wakarukia treni kukimbia, kazi ikalala mpaka mhandisi Patterson alipowaua wote wawili Desemba mwaka huo, na hata leo wamesimama kwenye makumbusho kule Chicago watu wakilipa kuwatazama. Miaka mia kamili baada yao, 1998, chui wetu kumi na mmoja wakatwaa ligi. Baada ya hapo tumeambulia makombe ya mtoano tu, yakiwemo ya 2013 na 2017, nayo nayaheshimu, hasa lile la 2013 kwa kuwa tuliwafunga mashemeji fainali. Lakini mtalii akiniuliza kuhusu wanyama wakali wa sehemu hizi, sitaji Ingwe.

Nikimtania mzee wa reli kwamba tungesajili simba wawili tukaacha hawa wengine, huniambia wangepangwa mabeki wa pembeni.

Sasa dirisha linakaribia kufunguliwa na kibandani hakulaliki. Kuna habari za straika mpya kutoka Afrika Magharibi. Mzee ana video yake kwenye simu, fupi sana, na ameionyesha kwa kila abiria anayengoja matatu ya Taveta. Kijana anapokea kwa kifua, anageuka, anapiga shuti la nguvu, wavu unacheza. Mama wa mahamri aliitazama mara mbili, akafuta mafuta mikononi, akaomba airudishe nyuma kidogo.

“Shemeji,” alisema, “huyo kipa ana sigara mdomoni.”

Mzee akamwambia hiyo ni filimbi.