Kamba Haitaki Ubabe

Mfyuuu! Mniwie radhi, nimesonya kabla ya salamu. Lakini mngekuwepo kijiweni kwetu Ijumaa jioni nanyi mngesonya, tena ule msonyo mrefu wa mama mwenye nyumba anayeambiwa kodi subiri mwisho wa mwezi.

Umeme ulikatika. Hiyo si habari. Habari ni kwamba dada wa saluni alikuwa na bibi harusi kitini, nywele za upande mmoja zimeshakaushwa, za upande wa pili zinachuruzika maji mabegani. Ndoa kesho saa nne asubuhi. Dada akaita vijana wawili wamtolee jenereta, ile nyekundu ya kilowati mbili na nusu, wakaitua nje juu ya kile kisakafu cha mtaro, pale penye mteremko.

Kwa kuitoa nje nampa heshima yake. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, na hiyo haina rangi wala harufu. Mtu anasinzia tu, halafu haamki. Wapo wanaofungia jenereta ukumbini kwa kuogopa wezi, wakiamini dirisha lililo wazi kidogo linatosha. Halitoshi. Kwa hiyo dada kuitoa nje alifanya vyema. Kilichofuata ndicho kilichonitoa msonyo.

Wa kwanza kuvuta kamba alikuwa kijana wa bodaboda. Alivuta mara nne, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine na simu sikioni. Mashine ikakohoa, kho, ikanyamaza. Akasema mafuta machafu hayo, akarudi kwenye pikipiki yake.

Wa pili baunsa. Mnamjua, yule wa mlangoni kwenye ukumbi wa sherehe, mwenye kifua cha mlango wa geti. Alisema neno moja tu: "Pisheni." Tukapisha. Akakanyaga fremu kwa mguu mmoja, akaizungusha kamba kiganjani isimteleze, akavuta kama anayeng'oa muhogo wa miaka mitatu. Kamba ikafika mwisho, ta! Akaliachia shikio, likarudi lenyewe, paa! Akavuta tena. Ta! Paa! Kila akivuta kijiwe kizima tunaitikia "aaah!" kama mpira umegonga mwamba.

Wa tatu mimi. Mara sita. Tuendelee.

Wa nne fundi redio, ambaye mtaani kwetu ni fundi wa kila kitu chenye waya. Akauliza, "Choki mmefunga?" Wakasema imefungwa tangu mwanzo. Akatikisa kichwa: basi imelewa, mmeijaza petroli. Akatoa plagi, kweli imelowa chapachapa. Akaifuta kwa shati lake, akaichomeka kwenye waya wake, akaiegemeza kwenye chuma cha injini, akamwambia baunsa avute tuone kama inachoma. Baunsa akavuta. Hakuna cheche. Akavuta tena. Giza. Fundi akasimama, akajipangusa mikono taratibu kama daktari anayetoka chumba cha upasuaji, akatangaza: "Koili imekufa." Dawa yake? Koili mpya, kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, nayo yameshafungwa. Bibi harusi akaanza kulia.

Baunsa hakubali kushindwa na kitu kinachoitwa koili. Akairudisha plagi, akavuta kwa hasira, na kamba ikakatika katikati. Yeye kwenda kukaa kwenye ndoo ya mzee wa kahawa, yenye vikombe na maji yake.

Tukaifungua stata. Na hapa niseme ukweli: wengi wetu tumevuta kamba hizi miaka nenda rudi bila kujua zinarudi vipi. Ndani mna puli, kamba imeviringwa humo. Chini ya puli mna springi bapa iliyojikunja kama konokono. Ukivuta, puli inazunguka na springi inajikaza. Ukirudisha, springi inaivuta kamba kwake. Kisha mna vikucha vidogo. Puli ikianza kuzunguka vikucha vinachomoza, vinaikamata injini na kuizungusha. Injini ikishawaka ikaenda mbio kuliko puli, vinaachia. Ndiyo maana mashine ikiwaka haiondoki na mkono wako. Kitu kidogo kama sahani ya chai, lakini aliyekiunda alikuwa na akili zake.

Fundi alipoifungua, springi ikamruka, fyaa! Watu wakatawanyika kama wameona nyoka. Ilichukua nusu saa kuirudisha, na kamba mpya tukafunga ya kuanikia nguo, ya nailoni. Mmoja akashauri tutumie katani, tunayo bure. Mwalimu mstaafu akacheka: nchi hii mwaka 1964 ilivuna zaidi ya tani 200,000 za katani, tukaifungia mizigo ya dunia nzima, lakini humu ndani haifai. Inakunywa maji, inaoza, na ule msuguano wa kwenye tundu unaitafuna nyuzi moja moja.

Tukavuta tena. Mara ngapi? Niliacha kuhesabu kwenye hamsini. Halafu, huooooo! Mtaa mzima ukapiga kelele. Umeme umerudi. Bibi harusi akakimbizwa kitini, sisi tukatawanyika kila mtu kashika bega lake.

Sasa sikieni. Jenereta ikarudishwa kibarazani na mtoto wa dada, mwanafunzi wa darasa la sita, yeye na mwenzake. Wakaitua kwenye sakafu. Yule mtoto, kwa utoto tu, akaishika kamba akavuta. Mara moja.

Ngurururururu!

Ikawaka. Kijiwe kimya. Baunsa aliangalia upande wa msikitini kama mtu aliyekumbuka sala. Fundi akasema koili wakati mwingine "zinajirudi". Mfyuuu!

Jawabu tulilipata Jumamosi. Alipita kijana mmoja anayelima nyanya bonde la Ruvu, anamwagilia kwa pampu ya petroli ya kuvuta kamba, tena kila siku ya Mungu. Tukamsimulia. Alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Akauliza swali moja: "Mliiweka wapi?"

Mteremkoni.

"Basi. Mngevuta mpaka Idi."

Injini za aina ile, akasema, nyingi zina kijidude ndani kinachopima oili. Oili ikipungua, kinakata moto wa plagi ili injini isijiue kwa kusagana kikavu. Kijidude hakijui mteremko. Ukiilaza mashine upande, oili inakimbilia kona, chenyewe kinadhani imekwisha, kinakata. Na ya dada, tulipoichungulia, oili kweli ilikuwa pungufu kidogo. Kwa hiyo koili haikufa. Cheche ilizuiwa kwa makusudi, mashine inajilinda na sisi. Ilipowekwa sakafuni, oili ikarudi mahali pake, na ile petroli tuliyoimiminia imeshakauka, ikawaka kwa mkono wa mtoto.

"Na kuvuta kwenyewe mlivutaje?" Tukamwonyesha. Akafumba macho.

Akatufundisha, nami nawapa bure. Kwanza usiguse kamba. Tazama: swichi imewashwa? Koki ya mafuta iko wazi? Oili iko mpaka mdomoni? Mashine imekaa sawa? Ikiwa ya baridi, funga choki. Ikishawaka fungua kidogo kidogo. Ikiwa bado ina joto, choki iache wazi. Halafu vuta kamba polepole mpaka uhisi inakuwa nzito. Pale pistoni inakandamiza hewa. Rudisha kamba taratibu, ndipo uvute kwa haraka, mvuto mfupi, mkono ulionyooka, bila kuifikisha mwisho. Kisha irudishe ukiwa umeishika. Ukiiachia irudi yenyewe, unaivunja springi na kuikata kamba, na ndicho alichofanya baunsa.

"Kwa nini haraka na si nguvu?" mwalimu akauliza.

Kwa sababu hakuna betri. Kwenye lile gurudumu zito la injini mna sumaku, inapita mbele ya koili, na kule kupita ndiko kunakozaa umeme wa cheche. Ikipita kwa kujivuta, cheche hakuna. Unaweza kuwa na kifua cha ng'ombe, ukavuta kwa kani na kwa kutambaa, plagi isione kitu. "Mke wangu," akasema yule kijana, "ana kilo hamsini na kitu. Pampu anawasha yeye alfajiri, mimi bado natafuta kandambili."

Hapo dada wa saluni, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, akasonya msonyo wa kwake. Miaka mitatu anayo ile jenereta hajawahi kuivuta. Aliambiwa dukani ni kazi ya wanaume. Umeme ukikatika, anatafuta kijana, anampa cha soda, na kijana asipopatikana saluni inafungwa. Miaka mitatu, jamani, mtu analipia bega la jirani!

Na ile tabia ya kuizungusha kamba kiganjani? Mwalimu ndiye aliyeshika usukani hapo. Injini ikiwaka vibaya inaweza kurudi kinyumenyume, inapiga teke, na kamba inaondoka na vidole. Akakumbusha malori ya zamani ya hendeli. Dereva aliyefunzwa hakuizungushia hendeli kidole gumba. Alikilaza upande mmoja na vingine, ili hendeli ikipiga teke imtoke mkononi badala ya kumvunja. Marekani walizichoka hizo hendeli mapema. Cadillac za mwaka 1912 zilitoka na stata ya umeme aliyoiunda Charles Kettering. Gari zikastaafisha mkono. Mashine ndogo hazikustaafisha, kwa sababu stata ya umeme inataka betri, na betri ni uzito na gharama.

Kabla ya springi, akaendelea, kamba ilikuwa kipande tu chenye fundo. Unalipachika fundo kwenye pengo la puli, unaviringa, unavuta, kamba yote inakubakia mkononi. Isipowaka, unaviringa upya. Muulizeni mvuvi yeyote mwenye boti ya mashine. Stata ikimfia katikati ya bahari, anafungua kifuniko, anaviringa kamba ya akiba kwenye flaiwili, anavuta kama babu zake. Hana baunsa kule, na pumzi anaipima.

Msije mkadhani wenye pesa wamepona. Yule bosi wa gesti ana jenereta ya ufunguo. Anaigeuza kama gari. Lakini betri anaikumbuka siku umeme unapokatika tu. Miezi imepita, imekauka. Akigeuza ufunguo inalia tik, tik, tik. Bahati nzuri waliotengeneza wanatujua: pembeni wameiacha kamba. Bosi anavua koti.

Kinachoniuma mimi si kamba. Tulikuwa watu kumi na moja pale, na hakuna aliyeinama kutazama. Ubavuni mwa ile mashine pana karatasi imebandikwa, ina picha: jenereta imekaa sawa ina alama ya vyema, jenereta imeinama ina mkasi. Picha! Haihitaji Kiingereza. Tuliifunika kwa goti la baunsa. Kamba ni jambo la mwisho kufanywa baada ya mengine yote kujibiwa. Sisi tunaanzia nayo, kisha tunaulizana mengine bega likiwa limeshateguka. Na wa kwanza akishindwa, wa pili anaamini tofauti ni misuli.

Jumatatu baunsa akaja saluni. Anadai elfu tano, ya kazi. Kavuta sana, anasema, kila mtu ni shahidi, hata vidole vimevimba.

Dada hakuinua macho, anasuka. "Kaka yangu, nikulipe ya kuvuta au ya kuwaka?"

"Ya kuvuta."

"Haya. Toa humo bei ya kamba uliyokata, na vikombe vya mzee wa kahawa."

Baunsa bado anapiga hesabu. Mimi nilivuta mara sita tu, sidai kitu, ila kikombe nakishika kwa mkono wa kushoto.