Matundu Yangu Kwenye Karatasi ya Jirani

Afande aliinua karatasi yangu ya shabaha juu ya kichwa chake, akaigeuza mbele na nyuma ili kuruta wote waone, kisha akauliza kwa upole wa kutisha: "Wewe profesa wa upepo, risasi za serikali umezipeleka wapi?"

Hakukuwa na tundu hata moja. Ni jambo la jana, masikio bado yanawaka. Kushoto kwangu mama muuza senene wa hapahapa Nshambya, ambaye mtaa mzima tunamwita Ma, alikuwa akipigiwa makofi. Alipewa risasi tano kama kila kuruta wa mgambo. Karatasi yake ilikuwa na matundu manane. Afande alihesabu mara mbili, akaamua kwamba hesabu si somo la siku hiyo. Ma, ambaye hajawahi kukosea chenji maishani, aliyatazama yale manane, akanitazama mimi, akasema taratibu: "Asante waitu."

Uprofesa wenyewe niliupata kwenye simu. Kwa wiki kadhaa nilikuwa naangalia video za Wazungu wanaopiga bamba la chuma lililo kilomita moja na zaidi, wamelala kifudifudi, darubini juu ya bunduki, mmoja anapiga na mwenzake anamsomea upepo. Nilizama mzimamzima. Maana jambo hili ni la ajabu. Risasi haiendi kwa mstari ulionyooka hata siku moja. Ikitoka tu mdomoni mwa mtutu inaanza kudondoka, sawasawa na embe lililoachia tawi. Ikikaa hewani nusu sekunde imeshashuka mita moja na ushee. Kwa hiyo wewe unayedhani umeelekeza bunduki kwenye shabaha, kwa kweli umeielekeza juu yake. Vilengeo vinakudanganya kwa faida yako. Ile SKS tuliyopewa ina kibao kidogo juu ya mtutu chenye namba 1 hadi 10, kila namba mita mia. Ukisogeza hadi 3, kilengeo cha nyuma kinainuka, nawe bila kujua unainua mdomo wa bunduki. Nani alikaa chini akapiga hesabu hizo?

Halafu kuna milimita. Kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele hakufiki nusu mita. Basi vikipishana hapo kwa milimita moja tu, mita 100 mbele umekwenda kando zaidi ya sentimita 20. Pumzi moja inatosha kukuharibia. Ndiyo maana unaambiwa toa pumzi, subiri ule utulivu mdogo kabla ya kuvuta nyingine, kidole kibane polepole mpaka mlio ukushtue hata wewe mwenyewe. Yote haya niliwaeleza wenzangu chini ya mkaratusi, pamoja na upepo wa ziwa, unaovuma kuja nchi kavu mchana. Ma alikuwa akisuka ukili.

Kwa hiyo jana nilitoa maelezo ya kitaalamu: tulilala tukitazama kaskazini, ziwa likiwa kulia kwetu, upepo ukazibeba risasi kwenda kushoto. Afande alisema upepo wa kuhamisha risasi karatasi nzima ungekuwa umetuhamisha sisi sote hadi Karagwe.

Tatizo halisi ni jicho, na nililisema mapema. Mimi siwezi kufumba jicho moja. Nikifumba la kushoto, la kulia linalifuata. "Huwezi kukonyeza?" afande alishangaa. "Sasa uliwezaje kuoa?" Watu walicheka mpaka mstari ukavunjika. Lakini jicho linaona vizuri umbali mmoja tu kwa wakati mmoja, na linatakiwa likazie kilengeo cha mbele, shabaha ibaki na ukungu. Ukifanya hivyo kwa macho mawili wazi, kila kilicho mbali kinakuwa viwili. Mbele yangu karatasi zote zilizaana. Wapigaji wa Olimpiki wanaruhusiwa kuning'iniza kikinga kidogo mbele ya jicho lisilolenga, wakapumzika. Mimi niliomba kipande cha plasta nibandike kwenye kofia, nikaambiwa hapa si hospitali.

Na hapa sicheki. Miezi yote tumekimbia mchakamchaka alfajiri, tumepiga kwata na bunduki za miti tulizochonga wenyewe, sare tumejinunulia, na risasi tumeziona siku moja. Unamchukua mtu aliyezoea kubeba kipande cha mkaratusi, unampa chuma halisi, bila hata risasi moja ya kujaribia, kisha unamwanika mbele ya watu. Baba mkubwa aliondoka na mgambo mwaka 1978, Amin alipovuka mpaka na daraja la Kyaka likalipuliwa. Wenzake wengine wamelala Kaboya, kule Muleba, na tarehe 25 Julai mashujaa husomewa hotuba. Yeye yuko hai, ana buti moja la vita, na hana karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba alikwenda. Sisi wa leo tunakumbukwa anapotakiwa mtu wa kufukuza machinga.

Kwenye gwaride la kufunga, buti la kuazima likaachia soli. Kabla ya hapo pamba za masikioni zilininyima amri ya kusimama, nikabaki nimelala peke yangu kama dakika nzima. Bodaboda aliyenirudisha aliniita profesa kabla sijapanda.

Jioni alikuja mtu wa kampuni ya ulinzi akimtafuta mwanamke mwenye matundu manane. Ma aliuliza mshahara wa mwezi, akataja debe moja la senene linauzwaje, akarudi kuwanyonyoa mabawa. Ni Novemba, wameanza kushuka. Nafasi ikaja kwangu: lindo la usiku kwenye duka la saruji. Rungu wanatoa wao. Tochi nijinunulie.