Jua la Bure, Betri ya Kununua Tena

Nunua Hiace ya matatu iliyokwisha kustaafu, ng'oa viti, tandika godoro, kisha watangazie jamaa zako wa Nairobi kwamba unahamia Turkana kuishi ndani ya gari, na stima utaivuna juu ya paa. Hakuna atakayekupinga. Lodwar iko nyuzi tatu tu kaskazini ya ikweta, mvua ni ya kubahatisha, na kila mita ya mraba hupokea jua la karibu uniti (kilowati-saa) 6 kwa siku. Mpaka hapo huna kosa. Makosa yanaanzia dukani.

Ukienda kununua paneli, acha futi nyumbani. Paneli nzuri ya siku hizi hutoa kama wati 200 kwa mita moja ya mraba, jua likiwa kali kabisa, wala haizidi sana hapo. Mwenye futi angeligundua hilo kwa dakika moja. Wewe soma karatasi iliyobandikwa nyuma: ikiwa paneli inabebeka kwapani na karatasi inasema wati 300, lipa haraka kabla mwenye duka hajabadili nia. Fundi naye mtafute wa bei nafuu. Tangu kanuni za mwaka 2012 mfungaji wa sola nchini Kenya anatakiwa awe na leseni, nayo siku hizi hutolewa na mamlaka ya nishati, EPRA, lakini kuulizia leseni ni kumvunjia mtu heshima.

Kuna miongozo mingi ya magari ya kulala iliyoandikiwa watu wa Ujerumani na Kanada. Ifuate neno kwa neno. Inua paneli kwa nyuzi 45 zitazame kusini. Mwezi wa Juni, jua likiwa limehamia kaskazini, paneli zako zitakuwa zimelipa kisogo, na upepo wa Turkana, unaopita kati ya milima ya Ethiopia na ya Kenya kama hewa iliyobanwa mlangoni, utapata cha kung'oa. Wenyeji wanaozilaza karibu bapa, zikiinama kidogo tu ili vumbi lipate pa kuteremkia, waone wavivu.

Ukiogopa upepo, nenda upande wa pili: gundisha paneli zigusane na bati la paa pasipite hata hewa. Watu wengi hudhani paneli hupenda joto. Hupenda mwanga. Kila nyuzi moja juu ya 25 humega kama asilimia 0.4 ya nguvu yake, na juu ya bati la Lodwar saa saba mchana paneli hufika nyuzi 65 bila taabu. Wati zako 400 zimebaki 340, na hapo vumbi bado halijahesabiwa. Nafasi ya vidole vinne ingepitisha upepo chini yake. Lakini nafasi hiyo inaharibu umbo la gari.

Sasa tuje kwenye betri, maana hapa ndipo pesa nyingi huungulia. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele. Hapo hapo ndipo pa kuiweka betri: waya unakuwa mfupi na miguu inapata nafasi. Kanuni ya mafundi ni kwamba betri ya maji hupoteza nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25. Lodwar mchana huvuka 35 kivulini, na ndani ya gari lililofungwa vioo huvuka 45 bila hata kuwasha injini. Betri ya miaka minne imekuwa ya mwaka mmoja. Ili huo mwaka nao usitimie, itumie mpaka taa ziwe nyekundu kila usiku. Betri ya maji inataka isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo ile uliyouziwa kuwa ya ampea-saa 200 ni 100 za kweli.

Ya lithiamu hustahimili zaidi na hukubali kushushwa karibu yote, ila ni ghali, na joto nayo hailipendi. Adui yake mwingine ni kuchajiwa kwenye baridi ya kuganda, ndiyo maana nyingine huja na hita ndani. Ongeza pesa upate yenye hita. Utaitumia sana huko Kakuma, Turkana.

Friji ndogo ya volti 12, feni, taa na simu zako mwenyewe hazili zaidi ya uniti moja na nusu kwa siku, na paneli za wati 400 zinazimudu. Haya ni maisha ya kimaskini. Nunua kiyoyozi. Kidogo tu cha wati 1,000, kikinguruma kwa muda wa saa nane kila usiku, kinakula uniti 8, yaani paneli tano kubwa ambazo paa la Hiace halina pa kuziweka. Kisha chemsha chai kwa birika la wati 2,000. Kwenye volti 12 hizo ni zaidi ya ampea 160 zinazopita kwenye waya mwembamba uliookoa shilingi mia tano. Fyuzi usiweke. Harufu itakuarifu.

Pa kuegesha pako tele. Chini ya miti ya mathenge pana kivuli kizuri, na tawi moja juu ya paneli linatosha kuangusha umeme wake vibaya, huku miiba ikifanya kazi yake kwenye magurudumu. Penye mchanga laini zaidi ni lagani, kwenye mkondo wa mto wa msimu. Laga ya Tarach pale Kakuma inaweza kukauka wiki nyingi, kisha ikashuka na maji ya mvua iliyonyesha mbali, mahali ambapo wewe hukuona hata wingu.

Kwa kubeba stima yako mwenyewe usijione kituko. Bwawa la Turkwel, megawati 106, limezalisha umeme tangu 1991 na laini yake ikaelekezwa Lessos, huku Lodwar ikiungurumiwa na jenereta za dizeli miaka na miaka. Ng'ambo ya Ziwa Turkana, mitambo 365 ya upepo ya Loiyangalani hupeleka umeme wake Suswa. Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa 1992, ilijifunza kujitegemea mapema: wafanyabiashara wakimbizi walinunua jenereta, wakavuta nyaya juu ya mabati na kuwauzia majirani stima. Soda baridi ya Kakuma imetokana na hesabu zao.

Kwa hiyo ukifika huko, kilomita kama 120 kutoka Lodwar, paneli nne zikimetameta juu ya paa, hakuna atakayeamini kwamba umekuja kupumzika. Watu watakuja na simu. Simu moja hula kama wati-saa 15, thelathini zinakula zaidi ya nusu ya mgao wa friji yako kwa siku, na zinalipa. Ndiyo biashara pekee katika mradi huu wote yenye faida, basi ikatae. Wa kwanza mwambie betri imekwisha. Zima feni kwanza.